Pazia Halizimi Sauti

Jumatano, 5 Machi

Dada,

Salamu nitakupa siku nikipoa. Leo sina.

Nimekupigia simu tangu jana, umeizima. Basi nimeshika kalamu, na bahasha hii naipeleka ofisi ya vifurushi ya mabasi. Wakikuita kuichukua usijifanye hukuipata.

Unajua nilisikiaje? Nilikuwa jikoni kazini, nachemsha maji ya chai. Mwenzangu tunayekaa naye meza moja akaja anacheka, simu mkononi. "Hebu msikilize huyu fundi cherehani anavyomtukana baba yake laivu." Kwenye kioo kulikuwa na lile pazia lako la bluu lenye picha ya mkasi, limeandikwa NARUDI PUNDE, na nyuma yake sauti yako. Dada, mimi sauti yako naijua hata ukikohoa. "Si ufe tu, Baba! Si ufe tu, sote tupumzike!" Kisha ikakatika. Mwenzangu akaicheza tena. Sikumwambia kwamba huyo baba anayeombewa kifo ni wangu. Nilisimama pale mpaka maji yakakauka kwenye birika.

Hivi ulikuwa na akili gani? Ile programu ya kurushia matangazo nilikuwekea mimi. Yule msaidizi wa akili mnemba nilikufungulia mimi, ili mikono yako ibaki kwenye kitambaa, wewe useme tu "onyesha cherehani kwa karibu" naye abadilishe picha. Nilitaka wanafunzi wako wajifunze kukata kola, si kusikia nyumba yetu ikivuliwa nguo.

Nimezungumza na Kaka Mkubwa. Mwisho wa mwezi anakuja na gari kumchukua Baba akaishi kwake. Mimi nimemwunga mkono, nakwambia mwenyewe ili usilisikie kwa watu. Mzee aliyesahau hata jina la mtaa wake hawezi kuachwa na mtu anayemwambia afe.

Mdogo wako,
Kasuku


Jumamosi, 8 Machi

Kasuku,

Baba alikupa jina hilo kwa sababu ulianza kusema kabla ya kutembea. Naona mpaka leo mdomo wako unatangulia miguu.

Simu nimeizima kwa sababu watu nisiowajua wananipigia waniambie nife mimi. Jana nilikwenda kununua uzi, muuza duka akanirudishia chenji kwa kuiweka mezani, hakutaka kunigusa mkono. Wanafunzi niliowafundisha tangu hawajui kutunga uzi kwenye sindano wameondoka bila hata kwaheri. Kisha barua yako. Nikasema, afadhali, huyu ni damu yangu, ataniuliza kilichotokea. Hukuuliza. Umehukumu, ukamgawa Baba, ukatia saini.

Sasa nisikilize. Maneno ni yangu. Nimeyasema, siyakani, na sihitaji wewe unikumbushe, kwa sababu nikilala nayasikia. Lakini sikuyasema kwa watu. Nilikuwa nafundisha kola, ile maiki yako ndogo imebanwa kifuani. Baba akaita kutoka chumbani. Nikamwambia msaidizi wako kama nimwambiavyo kila siku: "Nataka kupumzika kidogo, nina mambo ya ndani." Akanijibu kwa heshima zake zote: "Tayari, unaweza kupumzika." Nikaliona pazia kwenye kioo. Nikaingia kwa Baba na maiki kifuani kama mjinga, nikijua mlango umefungwa. Kumbe mlango nimefungiwa mimi, watu wote wako ndani.

Kaiulize mashine yako ilifanya nini. Wewe si ndiye unayezungumza nayo kutwa kucha?

Na huyo Kaka Mkubwa. Nyumba yake iko ghorofani, yeye na shemeji yako wanatoka alfajiri na kurudi jioni. Baba atafungiwa na televisheni. Hapa anakwenda chooni mwenyewe kwa kupapasa ukuta: anagusa kabati, anagusa fremu ya mlango, anagusa pale plasta ilipobanduka, amefika. Macho yamesahau lakini mkono bado unakumbuka. Mtoe kwenye ukuta huo, mtakuwa mmembeba mzee na kuteremsha mzigo. Baada ya wiki hatajua hata kama ana miguu. Hicho ndicho ulichokiunga mkono, bwana mkubwa, ukiwa jikoni na chai yako.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe hiki hujakilalia hata kwa mchana.

Dada yako


Jumatano, 12 Machi

Dada,

Nimeuliza.

Nikueleze ilivyo, maana umeandika kana kwamba nilikutega. Yule msaidizi haioni programu yetu kwa macho. Anapewa zana, na kila zana ina maelezo mafupi: hii inafanya nini, itumike lini. Yeye anasoma maelezo, anachagua. Hana kingine cha kumwongoza. Na maelezo hayo huandikwa na mimi, ndiyo kazi yangu.

Wewe uliposema unataka kupumzika, alichagua zana ya pazia. Maelezo yake yanasema hivi: "Huweka pazia mbele ya picha mtangazaji anapopumzika." Akaliweka. Zana ya kuzima kipaza sauti ilikuwepo, pembeni tu, lakini hakuna kilichomwambia kwamba pazia halizimi sauti.

Sentensi hiyo ni yangu. Lakini ielewe pia. Mkuu wetu anataka maelezo mafupi, kwa sababu mashine inayasoma yote kila inapoambiwa jambo, na yakirefuka inachelewa. Kila neno pale ni kweli, Dada. Linaweka pazia. Mbele ya picha. Mtangazaji anapopumzika. Hakuna uongo hata mmoja. Watangazaji wengi wanataka muziki uendelee wakienda kunywa maji, ndiyo maana sauti tuliiacha.

Na wewe maiki hukuivua kwa nini? Kitu kimebanwa kifuani, kina taa nyekundu inayowaka. Mtoto mdogo angeiona.

Nimesikitika kwa yaliyokupata, nalisema hilo kwa moyo. Lakini tusichanganye mambo. Sentensi yangu imekutoa sauti nje, haikukutungia maneno. Hata kama asingesikia mtu mwingine yeyote, Baba angesikia.

Rekodi nzima ya siku ile tunayo hapa ofisini, huhifadhiwa mtu akilalamika. Sijaifungua. Zile sekunde chache zimenitosha.

Kasuku


Ijumaa, 14 Machi

Kasuku,

"Kila neno ni kweli." Nimeisoma barua yako nikiwa nimeshika pasi, nikaunguza suruali ya mteja.

Nikimuuzia mtu koti nikamwambia lina mikono miwili, vifungo vyote na bitana ya hariri, nikanyamaza kuhusu tundu la mgongoni, kila neno langu ni kweli pia. Atalivaa, atatembea mjini mgongo wazi, na siku akirudi kunililia nitamwuliza kwa nini hakugeuza shingo. Ndivyo unavyonijibu. Taa nyekundu! Maiki iko chini ya kidevu changu, ningeionaje, kwa kioo cha gari?

Zile sekunde chache hazijakutosha. Zimekufaa. Fungua hiyo rekodi uisikilize tangu Baba alipoita. Usipoisikiliza, usiniandikie tena, na mwisho wa mwezi ukija na Kaka yako mtanikuta mlangoni na mkasi wa kukatia turubai.

Dada yako


Jumatatu, 17 Machi

Dada,

Nimesikiliza. Nilijifungia kwenye chumba cha mikutano, nikavaa visikizi, nikakaa hapo mpaka wenye kikao chao wakaanza kugonga mlango.

Sikujua. Naandika neno hilo na nalichukia.

Baba anauliza, "Kasuku amefika?" Unamwambia, "Bado Baba, yuko njiani." Anauliza tena, na tena unamjibu kwa sauti ileile, kama hujawahi kuulizwa. Alikuwa amevaa shati lake jeupe kunisubiri, nasikia unaisifu tai yake. Kisha unagundua amejikojolea, unataka kumvua suruali umsafishe, naye anakataa kwa sababu mimi nikiingia nitamkuta uchi. Nimesikia kofi, Dada. Nilidhani wewe umempiga. Nikarudisha nyuma nikasikiliza upya. Ni yeye amekupiga wewe, na bado unamwambia taratibu, "Inua mguu, Baba." Anakupiga tena. Ndipo ukapasuka. "Haji! Kasuku haji! Hajawahi kuwa njiani!" Kisha yale mengine.

Waliokata kipande walianzia kwenye yale mengine. Hawakubakiza hata ulivyolia baadaye, wala yeye alivyokuuliza, "Mama, nani amekuliza? Nitajie nikamwadhibu."

Nimemwendea mkuu nikiwa na hasira za kutafuna misumari. Nimemwambia sentensi ile imemvua mtu nguo mbele ya ulimwengu kwa sababu ya kuokoa maneno machache. Akasema tungoje hadi toleo lijalo. Nimeibadilisha bila kungoja. Sasa inasema: "Huweka pazia mbele ya picha tu. Sauti inaendelea kwenda kwa watazamaji wote. Mtangazaji akisema anapumzika, anatoka, au ana mambo ya ndani, usitumie zana hii peke yake. Zima kipaza sauti kwanza, hakikisha kimezimika, ndipo uweke pazia. Kisha mwambie wazi: picha imefichwa na sauti imezimwa. Usipokuwa na hakika, muulize." Haya ndiyo maelezo yaliyopaswa kuwepo tangu mwanzo.

Sasa kuhusu wewe. Rekodi hii inakusafisha. Nitamtumia Kaka Mkubwa yote, aache habari za gari. Kisha tuiweke hadharani, wale waliokutukana wasikie walichokata. Jina lako litarudi kwa siku moja. Nipe ruhusa tu.

Ndugu yako,
Kasuku


Alhamisi, 20 Machi

Kasuku,

Hapana.

Naona umejaa hasira sasa, na hasira ya mtu aliyechelewa ina pupa. Keti.

Umesikia mwenyewe kilichomo. Baba yetu amelowa, analia, anampiga binti yake akidhani anavuliwa na adui. Mtu huyo alikuwa hatoki kwenda hata dukani bila kulipiga shati lake pasi mwenyewe, mama hakuruhusiwa kuligusa. Mpaka leo amesahau majina yetu lakini hajasahau kwamba mgeni hapokelewi bila tai. Unataka mimi nisafishwe kwa suruali yake? Niianike mbele ya watu hao hao, niseme, angalieni, yeye ndiye mchafu, mimi mzuri?

Waliokuwepo siku ile walisikia, najua. Mwanafunzi wangu mmoja wa siku nyingi alikuja mlangoni, akaniambia alizima simu yake kwa aibu alipoelewa kinachoendelea, akakaa akanisaidia kukunja vitambaa. Wako watu wa namna hiyo. Lakini hilo lilikuwa bahati mbaya. Ukiitoa rekodi sasa kitakuwa kitendo chetu, mimi na wewe, watoto wake, kwa hiari yetu. Nitukanwe mimi. Mimi nina akili ya kutukanwa, yeye hana.

Na kwa Kaka Mkubwa usipeleke. Akiisikia ataona mzee anayepiga watu, atasema ndiyo sababu zaidi ya kumwondoa.

Futa. Yote. Usibakize kipande cha kusikiliza ukiwa na majuto.

Tena nikuambie jambo lililonikera kuliko maneno ya muuza duka. Nimeyasoma hayo maelezo yako mapya. Ni mazuri. Mtu anayasoma anajua la kufanya, lini, na nini kitatokea. Kwa hiyo unaweza! Mashine umeiandikia mpaka "usipokuwa na hakika, muulize". Mimi ndugu yako, tangu Baba aanze kupotea, unaniandikia "nimebanwa kidogo", "nikipata nafasi", "Mungu akipenda mwezi ujao". Kila neno kweli. Nami kama yule msaidizi wako nimekuwa nikisoma hayo, nikaenda kumwambia mzee "yuko njiani", kwa sababu hakuna ulichoniandikia kingine cha kumwambia.

Sitaki pole. Sitaki rekodi. Niandikie kitu kimoja nisichohitaji kukifasiri: unakuja au huji. Kama huji, sema huji, nimzoeze kuacha kuvaa tai.

Dada yako


Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Nimefuta. Mkuu alitaka tubakize nakala ya kufanyia majaribio ya msaidizi, eti ni mfano mzuri wa kosa. Nimemwambia huyo mfano ana jina, nikaifuta akiwa amesimama nyuma yangu. Hatusalimiani tangu hapo, na kazi hii nitaifanyia huko au sitaifanya.

Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Nalala hapo. Sirudi mwisho wa wiki, wala mwisho wa mwezi. Nahamia.

Kasuku


Jumapili, 30 Machi

Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Nimekuandikia wewe kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Gari lako usilete kesho. Kama umeshalikodi, wapakie watoto uje kutusalimu, mtakula hapa. Baba haondoki.

Sikuombi. Najua ulichosikia, na sitakuambia kilichotangulia, wala Kasuku hatakuambia, ukimbana atauuma ulimi wake. Niamini au usiniamini, hasira nilizonazo kwako ni za mwanamke aliyesomewa hukumu na kaka yake bila kuulizwa swali. Zitachukua muda. Nilizonazo kwa mdogo wako nazo bado ziko palepale, ingawa tunakula sahani moja.

Ndiyo, yupo. Alifika Alhamisi na begi kubwa na ile kompyuta yake. Nilikuwa nimemwambia Baba tangu asubuhi, nikamvalisha shati na tai, akakaa kitini sebuleni kati ya cherehani na meza ya kukatia. Mlango ukafunguka. Kasuku akapiga magoti, akashika miguu yake.

Baba akamtazama vizuri, kwa adabu. Akamwambia, "Karibu, fundi. Bomba linalovuja liko huko nyuma."

Nilitaka kusema, Baba, huyu ndiye. Kasuku akanikataza kwa mkono. Akainuka, akaenda nyuma, akafungua bomba akalifunga, akarudi akasema limepona.

Kila siku ndivyo. Kasuku anamwogesha, anamshika mkono wakipapasa ukuta kwenda chooni, anamlisha, na kwa huyo fundi wa bomba Baba hajawahi kukataa kuvuliwa suruali hata mara moja. Mimi nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Jana nimefungua darasa tena, watu wachache, kola ileile.

Leo asubuhi alimaliza kumfunga tai, akataka kuondoka aanze kazi zake. Baba akamshika mkono. Akamwambia, "Fundi, usiende. Mwanangu anakuja leo, nataka umwone. Ni mtu wa maneno mengi huyo, utampenda."

Kasuku akavuta kiti, akakaa naye kumsubiri.

Dada yenu